Sahani Zilizopakwa Rangi

Haya alinieleza shemeji yangu Mbaruku wa Ngamiani, Tanga, mwaka jana wiki ya Idi, tukichambua mchele barazani, nami nayaandika kama alivyoyasema.

Siku moja alijiwa na mgeni, Bi Saumu, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuja kutafuta sauti ya marehemu mama yake, Mashavu, aliyewahi kuimba kwenye sahani moja ya santuri. Mbaruku alikuwa na sahani mia mbili na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Lakini wakusanyaji wa santuri, Mbaruku akiwemo, walikuwa na tabia yao: ukipata sahani nzuri, unaipaka rangi nyeusi ile karatasi ya katikati, mwenzio asisome jina la mwimbaji akaenda kuitafuta naye. Majina yote, na habari alizozifuatilia miaka thelathini, Mbaruku aliyaweka kwenye daftari moja sandukuni. Siku hiyo akalifungua, kumbe mchwa wamelila. Bi Saumu akaondoka mikono mitupu, na Mbaruku akalala bila kula.

Akaota yuko katika nchi ya vumbi jeusi, na mlangoni ameketi Uchoyo, mwembamba kama ufito, amekalia sanduku. “Karibu mwenzangu,” akasema, “hapa haulizwi kitu na mtu.” Nyuma yake mwanawe Sahau alikuwa akitafuna karatasi polepole, kama ng'ombe aliyeshiba. Mbaruku akaona haya, akapita. Ndipo akatokea mama mmoja wa makamo, jina lake Amana, akamshika mkono akampeleka uwanjani, na uwanja ulijaa watu wanaoimba, mabwana wa kanzu na mabibi wa kanga, na kila mmoja uso wake umepakwa rangi nyeusi, hana jicho wala pua, mdomo tu.

“Hawa ni wageni wako,” Amana akasema. “Waliletwa kwako uwatunze, wewe ukawafunika.”

“Niliwapenda, mama.”

“Uliwapenda. Basi muite mmoja.”

Mbaruku akakumbuka jina aliloachiwa mchana, akapaza sauti: “Mashavu!” Uwanja mzima ukanyamaza, wakageuka wote, wanawake kwa wanaume, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akijua tena jina lake mwenyewe, na kila mmoja alitumaini ndiye anayeitwa.

Akaamka, akajua alichokifanya. Asubuhi akampigia simu Shekigenda, mkusanyaji mwenzake ambaye hawakusemezana naye kwa miaka saba.

“Mbaruku! Umeishiwa sindano au umeishiwa kiburi?”

“Vyote viwili. Njoo, ndugu yangu. Na daftari lako njoo nalo.”

“Nije nalo upate kulinakili?”

“Nipate kulinakili, nawe unakili la kwangu. Jipya. Bado tupu.”

Shekigenda akacheka hadi akakohoa, lakini akaja. Bi Saumu naye akaitwa. Wakazungusha gramafoni sahani baada ya sahani, na kila sauti Shekigenda aliyoitambua, jina liliandikwa kwenye madaftari mawili, moja la kila nyumba. Hadi adhuhuri walipata kumi na moja.

“Na wewe, bibi, ukiisikia ya mama utaijua?” Shekigenda akauliza.

“Nitaijuaje, kaka? Aliniacha nanyonya.”

Wakala wali na samaki, wakaendelea. Ikaja sauti ya mwanamke, nyembamba, ya kubembeleza. Shekigenda akatikisa kichwa, haijui.

“Rudia hiyo,” Bi Saumu akasema. “Si kwamba naijua. Rudia tu.”

Mbaruku akairudia mara tatu. Shekigenda akasinzia kitini, mdomo wazi. Bi Saumu akajilaza mkekani, ushungi usoni, akapitiwa. Mbaruku akainua sindano, akachukua madaftari yote mawili na katika kila moja akaandika: “Mwanamke. Jina lilikuwepo, nililifuta mimi, Mbaruku.” Kisha akajinyoosha sakafuni, na kwa uchovu wa siku mbili usingizi ukamchukua.