Viti Themanini Vyenye Magauni

Fundi cherehani alikuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini kuna moja hakuwa amemwambia mtu: yale matamasha ya bure ya Jumamosi aliyapigania kwa ajili ya baba yake. Mbele ya kamati ya mtaa alisema muziki ni haki ya kila mtu, akasema watoto wachangamshwe akili, na wanakamati wakatikisa vichwa kukubali. Ukweli wenyewe ulikuwa nyumbani kwake, ng'ambo ya barabara kutoka ukumbi wa mtaa, umekaa kwenye kiti kilichoelekea ukutani.

Kazi ya mzee ilikuwa kupaka rangi nyumba. Miaka arobaini alishinda juu ya ngazi akipigia watu kelele wasiiguse, lakini tangu mkewe afariki hakuvuka kizingiti. Mwaka mzima na miezi miwili. Alikula akiletewa, alijibu akiulizwa. Fundi alimbembeleza, akamgombeza, akaita wajomba waje wamseme. Wapi.

Halafu Jumamosi moja chama kimoja cha wapenda muziki kikaleta wanamuziki wanne kutoka ukumbi mkubwa wa mjini, watu ambao hiyo ndiyo kazi yao na ndiyo inayowalisha, waje kupiga bure katika ukumbi wa mtaa. Sauti ya lile fidla kubwa linaloshikwa katikati ya magoti ikaingia dirishani, na mzee akainuka. Alivaa kandambili, moja yake na moja ya marehemu, akavuka barabara. Fundi alimfuata nyuma, sindano bado imechomekwa kifuani, analia mchana kweupe bila kujali nani anamwona.

Fundi akayapigania matamasha kwenye kamati mpaka yakawa ya kila mwezi, na tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mzee alinyoa ndevu, akavuka hatua zake arobaini, akaketi mstari wa mbele. Siku zilizobaki alirudi kwenye ukuta wake. Fundi alijiambia haba na haba hujaza kibaba.

Tabu ni kwamba watu wengine walianza kupungua. Chama kilikuwa na utaratibu wake: mtaa ukipata watu chini ya thelathini saa ya kuanza, mara tatu mfululizo, wanamuziki wanahamishiwa mtaa mwingine. Mara mbili zilikuwa zimeshapita. Mara ya tatu, barua ya chama ilisema, katibu wa chama angekuja kuhesabu mwenyewe.

Fundi hakupata usingizi. Alipofikiri sana akaona kosa ni la ukumbi. Nani atatoka kwake aje kukalia viti vya plastiki vilivyopauka, vingine miguu imefungwa waya? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi akaweka kando sare za shule za watu, akaweka na suruali ya mchungaji iliyokuwa inasubiri zipu, akashona vifuniko vya viti themanini. Kitambaa cheupe, marinda chini, na nyuma utepe wa waridi uliofungwa fundo maradufu, maana kazi yake haifunguki ovyo. Wiki tatu zilikatika. Ijumaa akavivalisha viti magauni yao, akasimama mlangoni, na kwa kweli alijisifu.

Jumamosi saa kumi kamili wanamuziki walianza. Wale hawana desturi ya kungoja. Saa ikifika wanapiga, awepo mmoja, wawepo mia. Na siku hiyo alikuwepo mmoja. Mzee aliketi mbele peke yake, kidevu kinang'aa, nyuma yake viti sabini na tisa vitupu. Katibu, bwana mwembamba mwenye miwani, alisimama kando na fomu yake, akatazama saa, akaandika.

Kilichomuuma zaidi fundi ni kwamba watu walikuwa wanakuja. Walifika mpaka mlangoni, wakachungulia, wakajitazama nguo walizovaa, wakageuka. Aliona ni dharau. Alijikaza kisabuni mpaka wimbo wa pili, kisha akatoka nje ayamalize.

Nje akakuta mtaa mzima. Watu hamsini na ushee walikuwa wamekaa juu ya ukuta na kwenye ngazi, kimya kabisa, masikio yameelekea madirishani. Kinyozi alikuja na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Muuza mboga, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa amekalia ndoo.

“Shoga, mbona mmekaa nje?” fundi akamuuliza.

“Tuingie harusi ya nani?” muuza mboga akajibu. “Hatukuletewa kadi.”

Akamweleza taratibu, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Tangu jana wameona vitambaa vyeupe vikiingizwa, na utepe wa waridi, na pale mtaani mtu hazamii harusi ya watu isipokuwa anataka kusemwa wiki nzima. Wameamua kusikiliza huku huku nje, wasimwaibishe mwenye shughuli. Walichokuwa wanabishania ni bwana harusi. Wengi walisema ni baba yake fundi, maana amenyoa na amewekwa mbele, na wakasema afadhali, upweke ulikuwa unammaliza.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Wiki tatu alikesha akishona kitu cha kufukuzia watu. Aliingia ndani, akaanza kuvua viti magauni, na yale mafundo yake maradufu yakamgomea kucha na meno. Wimbo ulipokwisha, yule dada wa fidla kubwa aliona kinachoendelea, akalilaza fidla lake, akashuka jukwaani kuuliza mkasi uko wapi. Wenzake wakafuata. Muda si muda viti vilibaki na upaukaji wao, watu wakaingia wakisukumana, na waliokosa nafasi wakasimama. Yule mteja wa kinyozi alikaa mstari wa tatu na nusu ya ndevu zake. Walipigiwa upya tangu mwanzo.

Baada ya makofi fundi alimwendea katibu.

“Nimeona kwa macho yangu, mama,” katibu akasema. “Lakini fomu inauliza saa kumi kamili, na saa kumi kamili alikuwepo mzee mmoja.”

“Mzee huyo ni baba yangu,” fundi akasema, na yote yakamtoka, kiti, ukuta, kandambili, mbele ya muuza mboga na yeyote aliyekuwa karibu.

Katibu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alisema kuna mitaa minne inangoja zamu, na iliahidiwa kabla. Mwakani waombe tena, naye atawasemea. Mwezi ujao tamasha litakuwa katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, kupita soko.

Siku tatu fundi alishindwa kumwambia mzee. Alipeleka chai, akatoa vyombo. Siku ya nne akapiga moyo konde, akamwambia, na makosa yake pia akamwambia. Mzee hakugeuka. Alitazama ukuta wake, na fundi akajua basi, amempoteza, na aliyempoteza ni yeye mwenyewe kwa mikono yake.

“Hiyo shule iko mbali gani?” mzee akauliza.

“Kwa miguu? Mimi nusu saa. Wewe saa nzima.”

Mzee akahesabu kwa vidole.

“Basi tutoke saa nane,” akasema. “Mimi sikai nyuma.”