Adabu ya Kula Tambi

Haya nilisimuliwa na mwenyewe, yule mpiga pasi wa kwa dobi, wiki ileile yalipomtokea, tumekaa mlangoni pake tunamenya vitunguu.

Mkahawa wa rameni, zile tambi za Kijapani za mchuzi, aliujua kwa nguo tu. Kila asubuhi aproni zake zilifika mezani kwake, na hata zikifuliwa mara mbili, pasi ya moto iliziamsha harufu: mifupa iliyochemka sana, tangawizi, kitunguu. Mwaka mzima ameinusa, ndani hajatia mguu. Mchana mmoja akajikuta juu ya kiti kirefu, mkoba mapajani, miguu inaning'inia kama ya mtoto.

Kilichompeleka ni kitinda mimba wake. Yuko nchi ya mbali, mwaka wa nne huu, anapika rameni hizohizo. Hupiga simu Jumapili. Wanaulizana hali, hali ni njema, kisha kimya kinakaa katikati yao kama mgeni asiyeaga. Jumapili iliyopita kijana alisema, "Mama, hata sijui tuongee nini." Mama akaona bora aonje kazi ya mikono ya mwanawe, angalau apate pa kuanzia.

Mpishi akamwekea bakuli: tambi, mchuzi mzito, nusu ya yai, kiini kinatetemeka. Vijiti vilimshinda, akaomba uma bila haya. Akala taratibu, mdomo umefumbwa, kama alivyolelewa na kama alivyomlea mwanawe. Maana kijana yule alikuwa mfyonzaji. Uji, chai, mchuzi, chochote kile: fyuu. Na kila fyuu ilipata kofi lake, mpaka nyumba ikatulia.

Pembeni yake dereva wa lori, mabega kama kabati, akainamia bakuli akavuta. Fyuuu. Mkono wa mpiga pasi haukuomba ruhusa. Ulimchapa dereva kwenye kifundo cha mkono.

"Kula kwa adabu, wewe."

Dereva akautazama mkono wake, kisha akamtazama yeye.

"Shikamoo, mama," akasema. "Na mimi najua mama yangu nilimzika. Kumbe alihamia huku."

Watu wakaangua kicheko, naye akajifunika uso kwa mtandio. Mpishi akamweleza kwa upole kwamba zilikotoka tambi hizi kufyonza si kosa. Yeye mwenyewe, akiwa ameinamia sufuria, ndivyo anavyojua watu wamependa chakula chake. Anayekula kimya ndiye humtia wasiwasi.

Uma ukasimama hewani. Alipoushusha, akavuta uzi mmoja wa tambi. Haukulia.

"Tia bidii, mama," dereva akamhimiza.

Akavuta wa pili.

Hakungoja Jumapili. Jioni ileile, kashajilaza, miguu inawaka kwa kusimama kutwa, akapiga simu yeye. Kijana akashtuka, akauliza kuna nini.

"Hamna kitu. Unafanya nini?"

"Nakula, mama. Tambi zilizobaki kazini."

"Vuta nisikie."

"Nivute?"

"Kama ulivyokuwa unavuta uji."

Kwanza hakusikia kitu. Kisha, kwa woga, kama mtoto anayechungulia sebuleni kuna wageni: fyuu.

"Endelea, baba."

Akailaza simu juu ya mto, akaweka sikio hapo. Fyuu. Fyuuu. Usingizi ukamfumba macho, bakuli la huko halijaisha.