Mabenchi ya Watu wa Reli

Kanisa la Mtakatifu Yosefu, nyuma ya karakana ya reli hapa Dodoma, lilijengwa na Wahaya. Walikuja kufanya kazi ya reli, wakafyatua matofali wenyewe baada ya zamu, na kila familia ikachonga benchi lake. Benchi lilirithiwa kama shamba. Sisi Wagogo, wenye nchi, tulisali nyuma tumesimama. Hakuna aliyetufukuza, na hakuna aliyetusogezea nafasi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Miguu yangu mimi haikupona.

Kisha reli ikaanza kupunguza watu. Kila familia iliyorudi Bukoba ilipakia benchi lake kwenye treni pamoja na magodoro na kuku. Kanisa likabaki sakafu tupu. Mwishowe katekista Ernest akatangaza kwamba Jumapili ifuatayo paroko atakuja kuangalia. Asipokuta watu wa kutosha, kanisa litafungwa, tukasali mjini. Nikamfikiria mama yangu, ambaye haoni tena na miguu yake inafika hapo tu. Nilikasirika sana. Wao wanaondoka, sisi tunafungiwa mlango.

Nikapita nyumba kwa nyumba. "Njooni na vigoda vyenu," niliwaambia. "Tusikutwe tumesimama kama tunasubiri treni."

Jumapili hiyo vigoda vilijaa mpaka karibu na mlango. Nilimketisha mama mbele kabisa, nami nikakaa kando yake. Misa ilikuwa imeanza alipoingia Mama Anastazia, mjane wa fundi Respicius aliyesimamia ujenzi wa kanisa. Ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya watu wa reli. Benchi lake lilikuwa limetangulia na wanawe. Yeye angefuata kesho yake. Akaja mpaka mahali pake pa siku zote, akanikuta mimi nimekaa. Akarudi nyuma akasimama mlangoni.

Nilifurahi. Na asimame, nilisema moyoni, naye aonje. Lakini tuliposimama kwa Injili niligeuka, nikamwona ameegemea ukuta, mkono wake ukipapasa matofali ya mumewe. Furaha yote ikanitoka.

Injili ilipokwisha nikabeba kigoda changu hadi nyuma.

"Shikamoo mama. Kaa."

"Marahaba," akasema, akakaa. Nikasimama kando yake, mahali pangu pa zamani.

Mwisho wa misa paroko akasema kanisa halifungwi. Vigelegele vikapigwa, na mama yangu akalia. Mama Anastazia akainuka, akapangusa kigoda kwa pindo la khanga, akakibeba mwenyewe mpaka mbele. Akakiweka kando ya mama yangu, pale ambapo miguu ya benchi lake ilikuwa imeacha alama kwenye saruji.

"Hapa ndipo pako sasa," akasema. Kisha akanitazama, na nikaona anaona haya. "Mwanangu, kwani unaitwa nani?"

Nilikuwa nimesali nyuma ya mgongo wake tangu nikiwa msichana, mpaka watoto wangu wakapata kipaimara.

"Penina," nikamwambia, nikakaa.