Mtungi Mtupu Mpakani

Mwanga ulitoka kilimani, mkali, wa shaba. Jua lilikuwa linagonga chombo cha Mzungu cha kupimia ardhi, na mwanga wake ukawa unatupita usoni mmoja baada ya mwingine, kama anayetuhesabu. Nikakuambia, Baba Kuppan, mwanga ule siupendi. Ukacheka. Siku zile ulikuwa bado unajua kucheka.

Jina lako silitaji. Kwetu mke hataji jina la mumewe, na hata sasa ambapo sina tena cha kuogopa, ulimi wangu unakataa. Basi sikiliza hivyo hivyo, bila jina.

Vita na Wazungu vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Watawala wetu Watamil walikuwa wamenyongwa kwenye mikwaju ya barabara ya kwenda mjini Madurai, na nchi ilikuwa imenyamaza kimya cha mtu aliyepigwa. Wakaja wapimaji. Wakaja na minyororo, wakaja na bendera, wakaja na meza ya miguu mitatu na rangi katika visanduku vidogo vidogo. Mzungu wao alitaka aonyeshwe kijiji kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Kazi hiyo ilikuwa yako. Baba yako aliifanya, na babu yako. Mpaka ukigombaniwa, mtu wa kwetu, sisi watu wasioguswa wa vibanda vya nje, hujitwika mtungi wa maji akautembea mpaka wote, na anapopita ndipo mpaka. Mama wa Mpakani, mungu wetu, humtazama. Akidanganya, kizazi chake hakikai. Kisima cha kijiji walitukataza, hekalu walitukataza, lakini nyayo zako hawakuwahi kuzibishia.

Mkuu wa kijiji, Chokkalinga Pillai, akakuita. Ukasimama mbali, kama inavyotupasa.

"Wewe, kesho ukifika kwenye mchongoma, kata kulia. Upande wa vibanda vyenu uache nje."

"Nje, bwana? Si ndiko kwetu huko?"

"Kisichochorwa hakitozwi kodi, mpumbavu wee! Au unataka Wazungu wakutoze hata jivu la jikoni kwako?"

Uliporudi nilikuwa napepeta mtama, tumbo limenijaa hadi magotini.

"Utamdanganya Mama, nami niko hivi?"

"Simdanganyi. Maji nitayamwaga. Mtungi bila maji si kiapo, ni matembezi tu."

"Na Mzungu je?"

"Mzungu anaangalia miguu, we mwanamke. Ya ndani ya mtungi atayajulia wapi?"

Nikakuona mjanja. Nikakuongezea mchuzi.

Basi ukatembea. Ukatembea na mtungi mtupu, shingo imenyooka, mkono mmoja kiunoni, na ulipofika kwenye mchongoma ukakata kulia. Bendera zikakufuata wewe, minyororo ikafuata bendera, kalamu ikafuata minyororo. Mama alijua. Karatasi haikujua.

Mwana akazaliwa mzima. Tukamwita Kuppan, yaani Takataka, ili kifo kimdharau kipite. Hakikumdharau. Alikuwa ameanza kung'oka meno homa ilipomchukua, tukamzika nyuma ya vibanda, chini ya mwarobaini. Ukaniuliza kama Mama aliuhesabu ule mtungi mtupu. Nilikuchukia msimu mzima wa mvua, Baba Kuppan, na nilipochoka kukuchukia nikakupikia uji, tukanywa.

Kisha akaja msimamizi, Mtamil mwenzetu, kilemba kipya, mwavuli mkononi, na nakala ya ramani kwapani. Nchi yote iliyokuwa nje ya mstari Wazungu walikuwa wamempa bwana wake apande nili, ule mmea wa kutilia nguo rangi ya buluu.

"Hapa ni pori," alisema, naye amesimama mlangoni mwangu, kuku wangu anadonoa karibu na viatu vyake.

"Pori gani lina jiko?"

"Mama, mimi sikuchora. Mlionyesha wenyewe."

Ndipo uliposema, jaza mtungi. Nikaujaza hadi mdomoni. Ukautembea mpaka wa kweli, ukaupita mchongoma bila kukata, ukavizunguka vibanda vyote, na watu wetu wote nyuma yako. Kwenye mwarobaini niliona shingo yako inatetemeka, lakini maji hayakumwagika hata tone. Nilikupenda wakati ule mpaka nikaona aibu mbele za watu. Mama aliona. Karatasi haikuona.

Msimamizi alingoja umalize. Tena kwa adabu, akakusifu shingo. Akasema malalamiko yapelekwe Madurai, na plau zitaingia mvua ya kwanza ikinyesha.

Tukaenda Madurai kwa miguu, nikamwombee mwanangu asilimwe. Ofisini karani Mbrahmani, mtu wa tabaka la juu, alitukataza ngazi. Wewe ukabaki juani. Mimi nikapanda, nikalia, nikapiga mayowe ya msibani barazani pale, hadi akatoka na ramani yenyewe ili ninyamaze, akaikunjua mbali kidogo nami.

Ilikuwa nzuri. Siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Kilima kimetiwa kivuli kwa brashi. Bwawa la buluu. Hekalu limechorwa na mlango wake, na nyumba za kina Pillai zimepakwa nyekundu, zimepangana. Kisha mchongoma. Kisha mstari wako, umekata kulia.

Nje ya mstari, kijani. Kijani laini, cha kupendeza, hata ukuta mmoja haumo.

Nikaruka nikagusa. Kidole kilikuwa na vumbi la njia nzima, kikaacha doa jekundu pale alipolala mwanangu.

"Mchafu wee! Umeigusa!"

Ramani ya Mzungu karani hakuthubutu kuiosha. Aliipangusa kwa kitambaa kikavu, taratibu, kwa uangalifu mkubwa, hadi doa likaisha. Kisha akaingia ndani kujiosha yeye.

Nikashuka. Ulikuwa palepale, jasho linakutiririka, macho yananiuliza kabla ya mdomo.

"Umepaona?"

"Nimepaona."

"Pakoje, Mama Kuppan?"

"Pazuri," nikakuambia. "Kijani kote. Hakuna mtu."