Mgombea Asiye na Kitanda

1.
TANGAZO. Uchaguzi wa kiranja wa chakula ni Ijumaa baada ya chai. Wagombea wataulizwa maswali Jumatano bwaloni. Kuhudhuria ni hiari.

Kwa kuwa ni hiari,

2.
hakwenda mtu. Siku hiyo kulikuwa na mpira.

Alikwenda mgombea pekee, Skola Mbilinyi, akavieleza viti kwamba bati la stoo linavuja, ndiyo maana unga una ukungu, na kwamba amekwisha kumwona fundi. Viti vilimsikiliza kwa nidhamu kubwa. Lusajo, mwanafunzi aliyefuata ukoko jikoni, aliyaona hayo, na shetani akamkonyeza.

3.
MCHAGUE HOSEA KITWIKE!
Wali kila siku. Ijumaa mara mbili.
(Picha itabandikwa.)

Hosea alizaliwa kichwani mwa Lusajo. Katika shule nzima ya bweni, hakuwa na kitanda, ndoo wala sahani.

4.
Foleni ya uji:

"Hosea ni yule mrefu?"
"Mfupi. Ana kovu."
"Jana nilikuwa naye. Mtu wa watu, ndugu yangu."
"Na Skola?"
"Huyo na mabati yake. Bati linaliwa?"

Lusajo alicheka hadi uji ukampalia.

5.
Nawe msomaji unayecheka: diwani wako anaitwa nani?

Usitazame pembeni.

6.
MATOKEO. Kitwike ameshinda. Kura iliyoharibika ni moja, imeandikwa "Wali". Mshindi ataapa kesho mstarini. Asipotokea, viranja watateuliwa na walimu, mwaka huu na miaka yote ijayo.

7.
Yote.

Kicheko kikamkauka Lusajo. Akamfuata Skola bombani.

"Dada Skola, yule Hosea hayupo. Nilimtunga."
"Najua. Nilimtafuta bweni kwa bweni nimwulize kuhusu bati."
"Mbona hukusema?"
"Nilisema. Kulikuwa na mpira."

8.
Mstarini mkuu wa shule aliita, "Hosea Kitwike."



Lusajo akatoka mbele aungame kabla uchaguzi haujafutwa. Hajafumbua mdomo, shule nzima ikampigia makofi.

"Ndiye huyo. Si nilikwambia ana kovu?"

Lusajo hana kovu.

"Jamani, mimi si..."

Makofi.

Skola akapaza sauti: "Kabla hajaapa, mwulizeni swali."

"Swali gani?" wakauliza wanafunzi.

"Lolote."

Makofi yakapungua. Yakaisha. Huko nyuma, kwenye mstari wa Kidato cha Kwanza, mkono mmoja ukaanza kuinuka