Albamu Aliyoandikiwa Taisto

Saa nane mchana, vikombe vya kahawa vikishaondolewa na makombo ya mkate wa iliki kufutwa mezani, muuguzi Tuija alimvisha Taisto hedifoni.

"Haya, bwana harusi wangu," alisema. "Twende dansini."

Akodiani ikalia, fidla zikafuata, kisha lile jibaba linaloimba kwenye albamu likaanza kumlilia msichana aliyeolewa na mwingine. Nyimbo kumi na mbili za dansi ya tango, na katika kila wimbo kuna mwezi juu ya ziwa. Taisto alikuwa amezisikia kila siku tangu Februari, na sasa ilikuwa Juni.

Kiharusi kilimlemaza mkono na mguu wa kulia, kisha kikamfagilia maneno yote mdomoni, kikamwachia moja tu: ndiyo. Si kwamba haelewi. Anaelewa kila kitu, hata umbea wa wauguzi kuhusu daktari mpya. Lakini akitaka kusema hapana, hutoka ndiyo. Akitaka maji, ndiyo. Akitaka kumtukana mtu matusi ya nguoni, ndiyo, na mwenye kutukanwa humshukuru. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kosa lilikuwa la binti yake, Henriikka, na alilifanya kwa mapenzi. Nyumba ya wazee anakotunzwa Taisto huwapa ndugu fomu ya maisha ya mgonjwa: alifanya kazi gani, anakunywaje kahawa, anapenda muziki gani. Henriikka akaandika tango bila hata kuinua kalamu. Mzee wa miaka sabini na mbili, wa mji wa Lapua ambako tango ndiyo dansi ya wazee, apende nini kingine? Tena si alimwona kwa macho yake, kila Jumamosi ya kiangazi, akimzungusha mama kwenye ukumbi wa dansi kando ya ziwa?

Alimzungusha, ni kweli. Viatu vikimbana, shingo ikimtoka jasho. Albamu ile, aliyoileta Henriikka, ilikuwa ya Raili, marehemu mkewe, na Taisto alimpenda Raili, si albamu. Hakumwambia mtu. Kwao mwanamume hatangazi mambo kama hayo, na sasa hata angetaka kutangaza, angetangaza kwa neno gani?

Muziki wake yeye uliishi kwenye lori. Miaka thelathini na moja alibeba magogo kwenda kaskazini, na ndani ya kile chumba cha dereva alikuwa mtu mwingine. Kulikuwa na albamu ya roki nzito yenye kunguru kwenye jalada, magitaa yakinguruma hadi vioo vinatetemeka. Hiyo ilimwamsha kwenye barafu ya Januari. Kulikuwa na ya kinanda kikubwa cha kanisani, aliyoinunua mnadani akidhani ni ya nyimbo za Krismasi. Alipoisikia mara ya kwanza alisimamisha lori kando ya barabara hadi ikaisha. Na kulikuwa na ya yule mama wa Stockholm anayepiga jazi kwa piano, anayesikika akivuta pumzi kabla ya kila wimbo. Raili alipofariki, ni pumzi zile zilizomfikisha nyumbani kutoka mazikoni. Albamu hizi tatu alizipenda kuliko alivyoweza kumweleza mtu yeyote, hata alipokuwa na maneno.

Wiki ya kwanza pale alilia. Alilia kwa hasira na kwa kuchoka. Tuija akaandika kwenye faili: "Huguswa sana na muziki wake. Aongezewe nusu saa." Wiki ya pili akazisukuma hedifoni kwa mkono wa kushoto, zikaanguka.

"Masikini, zimeteleza," Tuija alisema, akaleta nyingine zenye mkanda wa kufungia chini ya kidevu.

Jumamosi hiyo Henriikka alifika nyimbo zikiwa zimebaki mbili. Akamvua hedifoni, akambusu kipajini, akavuta kiti.

"Baba, nimemaliza kusafisha gereji. Nimekuta na sanduku la CD, makelele matupu! Kuna moja ina likunguru, mama yangu, linatisha. Za Jouni hizo, si ndiyo?"

Jouni ni kaka yake Henriikka, anayeishi Oslo, na hajawahi kusikiliza kitu chochote zaidi ya matokeo ya mpira wa magongo wa kwenye barafu.

Hapana, Taisto alisema kichwani. Ni zangu. Usiziguse.

"Ndiyo," alisema.

"Nilijua tu! Basi zimo kwenye gari, nikitoka hapa nazipitisha soko la mitumba. Sawa, baba?"

"Ndiyo! Ndiyo, ndiyo!" Alipiga mkono wa kiti.

"Usijali, nafanya leo leo."

Alikuwa ameanza kutafuta funguo mkobani. Hapo Taisto akakumbuka maneno ya mtaalamu wa matamshi, kwamba anayeshindwa kusema huenda akaweza kuimba. Basi ataimba. Atalitia neno moja ndani ya sauti: zangu. Akafumba macho, akajaza kifua, akafungua mdomo.

Uliotoka ulikuwa wimbo wa kwanza wa tango. Mstari mzima, maneno yamenyooka, mwezi, ziwa na msichana. Alijaribu kuusimamisha, ukamponyoka kama lori lisilo na breki mteremkoni. Alijaribu kuchomeka neno lake mwisho wa mstari, mstari wa pili ukawa umeshamwahi.

Tuija alikuja mbio na kitambaa cha vyombo mkononi. Wazee wa meza ya jirani wakapiga makofi.

"Mzee wa watu! Si nilisema mimi? Nilisema!" Tuija alisema.

Mkoba wa Henriikka ulikuwa umeanguka. Alipiga magoti mbele ya kiti, machozi yakimchuruzika hadi kwenye midomo, akamshika baba yake uso kwa mikono miwili. Miezi minne hakuwa ameisikia sauti hiyo, na alikuwa amekwisha kuizika moyoni bila kumwambia mtu.

"Baba," alinong'ona. "Ni wewe kweli. Endelea, baba. Nakuomba, usinyamaze."

Taisto alimtazama. Aliuchukia wimbo ule hadi kwenye mifupa, na kwa mwanawe hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Akavuta pumzi, akaanza ubeti wa pili.