Mlima wa Kwenye Pazia

"Siyo huu," alisema Mama Picha, jicho bado liko kwenye kamera.

"Siyo huu vipi?" Wifi yake alitua kikapu chini. "Tangu alfajiri tunapanda, miiba imenimaliza miguu, leo mlima umebadilika sura?"

Mama Picha alikunjua tena kipande cha pazia. Ndicho pekee kilichosalia baada ya paa kuvuja. Miaka ishirini marehemu mumewe, Fundi, alichora mapazia ya studio, na yeye akawapiga watu picha mbele ya mapazia hayo: maharusi, wazee, watoto wenye viatu vipya. Nyuma yao ulikuwa mlima huuhuu. Pazia la mwisho lilipoharibika, ukabaki ukuta mtupu. Tangu hapo, kila akichungulia kwenye kamera, humwona mtu akisogea nyuma ya mteja. Akiinua kichwa, hakuna mtu.

Ameomba sana. Ameombewa pia. Mtu bado anasogea.

Akiupata mlima kwenye picha kama Fundi alivyouona, atautundika pale ukutani. Huenda marehemu akatulia. Lakini siku ni hii moja tu. Mchana mlima unapasuliwa kwa baruti, wapate kokoto. "Honi ikilia, mama zangu, nisione mtu hapa," mlinzi alikuwa amewaonya.

Alikuwa amekwisha kupiga picha kumi na nne. Zote zilionyesha rundo la mawe. Kwenye pazia, mlima ulisimama mrefu, kama unataka kukuinamia.

"Kaka yangu naye kwa kutia chumvi!" alisema wifi. "Mimi mwenyewe alinichora, akanipa kiuno nisichokuwa nacho. Mume wangu anakitafuta mpaka leo."

Mama Picha alicheka kidogo, kisha akasogeza pazia karibu na macho. Alikuwa ameona nyasi. Fundi alizichora ndefu, zimeukata mlima katikati, vichwa vyake viko juu ya mawe. Mtu aliyesimama haoni hivyo.

"Wifi," alisema polepole, "Fundi alichora lini akiwa wima?"

"Kwa mguu ule mbovu? Hata vibao vya madukani alivichora ameketi. Herufi za juu alizifikia kwa brashi aliyoifunga kwenye fimbo."

Mama Picha alifupisha miguu ya kamera mpaka mwisho. Akaketi chini, mkono mmoja akiuegemeza kwenye jiwe bapa lililofichwa na majani. Akachungulia.

Mlima ukainuka.

"Mungu wangu," alinong'ona. Alimsikia mtu akivuta pumzi kando ya sikio lake, ile pumzi ya Fundi kabla ya kuvuta mstari mrefu. Wifi alikuwa hatua kumi mbali, anachomoa mwiba kwenye kisigino.

Hakugeuka. Alisubiri wingu lipite, kama ambavyo Fundi angesubiri, kisha akabonyeza. Mara moja tu.

Honi ikalia.

"Haya, twende, wifi! Watatulipua na sisi!"

Mama Picha alijiinua. Kiganja kilichokuwa kwenye jiwe kilikuwa na unyevu. Alikitazama: rangi ya buluu, mbichi. Akapekua majani. Jiwe zima lilikuwa limepakwa michirizi, kijani juu ya kahawia, buluu juu ya kijani, pale mtu alipokuwa akifutia brashi.

Miaka mitatu tangu Fundi afariki. Mvua ngapi zimepita?

"Umeshika nini hapo?"

"Sijashika kitu," alijibu, na akakikunja kiganja taratibu, kidole kimoja kimoja, wakaanza kushuka.